H. G. Wells: Mpenda amani aliyepigana vita vyake sakafuni

HERBERT George Wells anajulikana kote ulimwenguni kwa hadithi zake kuhusu mashine ya kumsafirisha mtu katika wakati, mtu asiyeonekana kwa macho na viumbe wa sayari ya Mars walioivamia dunia. Lisilojulikana na wengi ni kuwa mwandishi huyo Mwingereza, aliyeaga dunia mwaka wa 1946, ndiye pia huitwa baba wa mchezo wa vita unaochezwa kwa vijisanamu vya askari vilivyosubiwa kwa madini na kupakwa rangi.

Mchezo huo hauhitaji uwanja mkubwa. Watu wawili hupanga majeshi yao juu ya meza au sakafu, kila jeshi likiwa na sare zake, kisha husogeza askari na kushambuliana kwa zamu wakifuata kanuni walizokubaliana. Wapenzi wake wametapakaa Ulaya, Marekani na kwingineko. Wengi wao hutumia muda mwingi zaidi kupaka rangi kuliko kucheza, wakiwa wameinamia kijisanamu kisichozidi urefu wa kidole, brashi nyembamba mkononi, wakitafuta namna ya kuonyesha vifungo vya koti.

Wells alichukia vita na aliionya dunia dhidi yavyo kwa takriban nusu karne. Papo hapo, alipenda mno kuvicheza. Alidai kuwa anayevionja vita sakafuni hawezi kuvitamani vile vya kweli. Maisha yake yanaonyesha jinsi dai hilo lilivyokumbana na mtihani mgumu, na jinsi yeye mwenyewe alivyolazimika kulifikiria upya.

Jemadari mwenye nguo kuukuu

Wells alizaliwa mnamo Septemba 21, 1866 katika mji wa Bromley, eneo la Kent, kusini mashariki mwa London. Alikuwa kitindamimba wa familia isiyokuwa na kitu. Babake, Joseph, alikuwa mtunza bustani kabla ya kufungua duka la vyombo vya kauri ambalo halikumletea faida ya maana. Pengo hilo alijaribu kuliziba kwa kucheza kriketi ya kulipwa. Mamake, Sarah, alikuwa amefanya kazi ya ujakazi katika majumba ya wakwasi.

Mnamo 1874 mtoto huyo alivunjika mguu na kulazimika kulala kitandani kwa wiki kadhaa. Ajali hiyo iligeuka kuwa baraka, kwani alianza kusoma vitabu kwa pupa na hakuacha tena. Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya babake kuvunjika paja. Kriketi ikaishia hapo, na pamoja nayo sehemu kubwa ya riziki ya nyumba ile. Mnamo 1880 mama alirudi utumishini, akawa msimamizi wa wajakazi katika jumba la kifahari la Uppark, Sussex, na familia ikatawanyika.

Katika kitabu kuhusu maisha yake alichokichapisha mwaka wa 1934, Wells alisimulia kuwa alipokuwa mvulana wa shule alikuwa na mazoea ya kutembea peke yake katika vilima vya Bromley. Waliopishana naye waliona mtoto mwembamba, mwenye mavazi duni, akipiga mluzi ovyo. Hakuna aliyeshuku kwamba katika mawazo yake alikuwa jemadari mkuu aliyezungukwa na maafisa wake, akipanga mizinga kwenye miinuko na kuwasukuma adui mabondeni. Vita hivyo vya kichwani vilimfuata hadi utu uzimani.

Kabla ya hapo alikuwa na vita vingine vya kupigana, navyo ni vya kujinasua kutoka kwa ufukara. Wazazi wake walimpeleka kuwa mwanagenzi katika maduka ya vitambaa, kwanza Windsor na baadaye Southsea, ambako alikaa tangu 1881 hadi 1883. Kazi ilikuwa ya saa 13 kwa siku, na usiku wanagenzi walilala pamoja bwenini. Aliichukia kazi hiyo kwa moyo wake wote. Afueni yake ilikuwa Uppark, ambako aliruhusiwa kusoma vitabu katika maktaba ya jumba. Wakati mmoja theluji ilipowafungia ndani, aliwatungia wafanyakazi wa jumba hilo gazeti la kila siku na kuwatengenezea jukwaa dogo la vikaragosi.

Hatimaye aliutoroka uanagenzi na kuajiriwa kuwa mwalimu msaidizi katika shule ya Midhurst. Mnamo 1884 alipata ufadhili wa kusomea sayansi jijini London, ambako alifunzwa biolojia na Thomas Henry Huxley, mtetezi mkuu wa nadharia ya Charles Darwin. Aliondoka chuoni 1887 bila shahada. Alipokuwa akifundisha huko Wales aliumizwa figo katika mchezo wa kandanda, na afya yake haikuwa imara tena kwa miaka mingi. Shahada ya zoolojia aliipata 1890 kama mtahiniwa wa nje wa Chuo Kikuu cha London.

Mwaka wa 1895 alichapisha hadithi ya mashine ya wakati, na umaarufu ukaja kwa kishindo. The War of the Worlds, iliyotoka kama kitabu mwaka wa 1898, ilikuwa na somo chungu kwa taifa lake. Katika kurasa za mwanzo aliwakumbusha Waingereza jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa na wahamiaji kutoka Ulaya, kisha akawaonyesha London ikiangamizwa na wageni wenye silaha kali zaidi. Msomaji wa Uingereza alitakiwa avae viatu vya aliyevamiwa.

Maakuli ya mchana kule Sandgate

Maradhi yalimfanya Wells ahamie pwani ya Kent, na huko Sandgate akajijengea nyumba iliyoitwa Spade House. Wakati huo alikuwa amekwisha kuachana na mkewe wa kwanza, binamu yake Isabel, na kumwoa Amy Catherine Robbins, aliyekuwa mwanafunzi wake. Walijaliwa wana wawili, George Philip aliyezaliwa 1901 na Frank aliyezaliwa 1903. Wells hakuwa mume mwaminifu, na baadaye alizaa watoto wengine wawili nje ya ndoa. Hata hivyo, kwa wanawe hao wa nyumbani alikuwa baba aliyekuwa tayari kupiga magoti sakafuni na kucheza nao kwa saa nyingi.

Siku moja rafiki yake alimtembelea kwa chakula cha mchana. Wells alimtaja kitabuni kwa herufi tatu tu za mwanzo wa majina, ambazo ni za mwandishi wa vichekesho Jerome K. Jerome. Chumba kilikuwa kimetapakaa vitu vya watoto, na juu ya meza ndogo walikuwapo askari wanne au watano wa kuchezea pamoja na mzinga mdogo wenye springi, uliorusha kipande cha mti. Baada ya kushiba na kabla ya kahawa kuletwa, mgeni alivuta kiti, akaukagua mzinga, akalenga na kumwangusha askari mmoja. Alipoanza kujigamba, mwenyeji wake hakukubali kushindwa.

Wells aliona kuwa mzinga ule ulikuwa umebadilisha mambo. Awali askari wa kuchezea alipangwa tu akatazamwa. Sasa angeweza kulengwa na kuanguka, na ustadi wa mkono ungeamua mshindi. Alichohitaji ni kanuni.

Aliyemsaidia kuzibuni alikuwa rafiki mwingine, mtu mcheshi mwenye maradhi ambaye hakuweza safari ndefu wala michezo ya nguvu. Wawili hao walipanga majuzuu mazito ya ensaiklopidia juu ya zulia yawe milima na majumba, wakagawana askari, wakaanza. Rafiki huyo hakuishi kukiona kitabu kilichozaliwa na mchezo wao. Kilipotoka alikuwa amekwisha kufa miaka sita.

Askari wa risasi

Pasingekuwapo mchezo bila vijisanamu vyenyewe. Kwa muda mrefu mafundi wa Ujerumani, hasa wa Nuremberg, ndio waliotawala biashara hiyo kwa kuunda askari bapa wa bati. Ufaransa nayo ilitengeneza askari wazito waliojaa madini, ambao bei yao ilikuwa ya juu.

Mnamo 1893 kampuni ya William Britain ya London ilivumbua njia ya kuwaunda askari wakiwa na uwazi ndani. Fundi aliyeyusha madini, ambayo sehemu kubwa yalikuwa risasi, akayamimina katika kalibu. Alisubiri kitambo kidogo hadi tabaka la nje liliposhika, kisha akaipindua kalibu na kuyamwaga yaliyokuwa bado majimaji katikati. Kilichobaki kilikuwa askari mwepesi, mwenye urefu wa kama milimita 54, aliyekula madini machache na hivyo kuuzwa kwa bei nafuu. Kwa Kiswahili neno risasi ni jina la madini hayo na pia la kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Katika karakana za Ulaya pia, madini yaleyale yalitumika kwa kazi zote mbili.

Baada ya kusubiwa, askari alipakwa rangi kwa mkono. Kazi hiyo ilifanywa hasa na wanawake, na malipo yalitegemea idadi ya askari waliokamilika. Koti jekundu, suruali nyeusi, nukta ya waridi usoni, mstari mweupe wa mkanda, kisha askari aliwekwa kando akauke na mwingine akachukuliwa. Majina ya wachoraji hao hayakuandikwa kwenye masanduku. Lakini bila rangi zao mchezo wa Wells usingechezeka, kwa kuwa rangi ya koti ndiyo iliyomwambia mchezaji nani ni wake na nani ni adui.

Kanuni katika kitabu kidogo

Wells hakuwa wa kwanza kucheza vita. Maafisa wa jeshi la Prussia walikuwa wakijifunza kupanga mapambano kwa mchezo wa ramani na vipande vya kusogezwa tangu mapema katika karne ya 19. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Treasure Island, naye alipigana vita vya askari wa kuchezea na mwana wa kambo wake walipokuwa Davos, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Alichofanya Wells ni kuziandika kanuni rahisi ambazo mtu yeyote angeweza kuzifuata nyumbani kwake, kisha kuzichapisha.

Kitabu chake cha kwanza kuhusu michezo ya nyumbani kilikuwa Floor Games cha 1911. Humo alilalamika kuwa maduka yamejaa askari na karibu hakuna raia. Alitamani kununua masanduku ya wachinjaji nyama, waokaji mikate, wafanyabiashara, watumishi, mahakimu na mawakili, ili yeye na wanawe wajenge miji iliyojaa watu wa kawaida. Alikejeli kuwa ni wafalme na watoto wajinga tu wanaoweza kufurahia gwaride na sare milele.

Miaka miwili baadaye, 1913, alichapisha Little Wars, yaani vita vidogo. Jina refu la kitabu hicho lilieleza kuwa ni mchezo wa wavulana wa kuanzia umri wa miaka 12 hadi 150, na wa wasichana werevu wapendao michezo ya wavulana. Wasomaji wa leo hawatakosa kuona dharau iliyomo katika mzaha huo.

Kanuni zenyewe zilikuwa chache. Pazia lilitundikwa katikati ya chumba ili kila mmoja apange jeshi lake kwa siri. Katika kila zamu askari wa miguu alisogea futi moja na mpanda farasi futi mbili. Mzinga haukuruhusiwa kufyatuliwa bila askari wanne wa upande wake kuwa karibu nao, umbali usiozidi inchi sita. Muda wa kila zamu ulipimwa kwa saa, ili mchezaji aharakishwe na kukosea kama jemadari wa kweli anavyokosea. Katika matoleo ya awali ya mchezo, askari wawili walipokutana ana kwa ana, sarafu ilirushwa kuamua nani afe. Wells aliliona jambo hilo kuwa la kibahati mno, akabuni kanuni nyingine ya kuhesabu waliouawa na kuchukua mateka.

Kitabu kilikuwa na masimulizi ya pambano moja kati ya jeshi jekundu na la buluu. Katika masimulizi hayo, mwandishi mwenye vidole vya wino na mgongo uliopinda aligeuka kuwa jenerali mkakamavu wa jeshi la buluu. Mvulana wa vilima vya Bromley alikuwa amepata jeshi lake.

Kuelekea mwisho, Wells aliacha mzaha. Alisema kuwa mtu akivicheza vita vidogo mara tatu au nne tu atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo kazi ya kubahatisha na kuharibu. Katika chumba chake hakuna maiti, hakuna mji uliobomolewa wala mashamba yaliyoteketezwa. Aliwashauri wapenda vita wa kila nchi wafungiwe katika jumba moja kubwa lenye miti na nyumba za kuchezea na askari wasio na idadi, wapigane humo hadi watosheke, nao watu wengine waendelee na maisha yao.

Hata hivyo, kitabu hichohicho kilikuwa na nyongeza iliyoeleza jinsi mchezo ungeweza kupanuliwa kwa mafunzo ya maafisa wa jeshi. Wells aliandikiana barua na Kanali Mark Sykes kuhusu jambo hilo. Mtu aliyetaka vita vifungiwe chumbani alikuwa tayari kuwauzia wapiganaji wa kweli funguo za chumba hicho.

Vita vikubwa vyaja

Mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka, mnamo Agosti 1914, Ulaya iliingia vitani. Ingetarajiwa kwamba Wells angekuwa miongoni mwa waliopinga. Kinyume chake, aliviunga mkono kwa kalamu yake yote. Aliandika makala mfululizo akieleza kuwa ubabe wa kijeshi wa Ujerumani ukishindwa vita vitakoma duniani, na makala hayo yakakusanywa katika kitabu The War That Will End War mwaka huohuo. Kauli hiyo ya vita vya kukomesha vita ilienea, na baadaye ikawa kejeli ya kumchapia yeye mwenyewe. Mnamo Septemba alikuwa kati ya waandishi mashuhuri walioitwa na serikali kujadili jinsi ya kusaidia propaganda.

Vita hivyo havikubaki Ulaya. Mnamo Agosti hiyohiyo wanajeshi wa Ujerumani walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Katika miaka iliyofuata, mamia ya maelfu ya Waafrika walikusanywa, wengi kwa kulazimishwa, kubeba mizigo ya majeshi. Makumi ya maelfu kati yao walikufa, wengi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa silaha. Jina la mtaa wa Kariakor jijini Nairobi ni kumbukumbu ya kikosi chao. Wahenga walisema kuwa fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Kwenye zulia la Wells hapakuwa na kijisanamu cha mpagazi, wala kanuni ya kuhara damu.

Mnamo 1916 Wells alizuru medani za vita za Ufaransa na Italia. Mwaka wa 1918 alifanya kazi kwa muda katika ofisi ya propaganda dhidi ya Ujerumani, kisha akaiacha. Tangu hapo juhudi zake alizielekeza katika wazo la kuunda jumuiya ya mataifa na hatimaye serikali moja ya dunia. Aliandika The Outline of History, historia ya wanadamu wote iliyokamilika 1920, kwa imani kwamba watu wakifunzwa historia moja wataacha kuchinjana kwa ajili ya historia za mataifa yao.

Ungamo la 1934

Ni katika kitabu cha maisha yake cha 1934 ambapo Wells aliurudia mchezo wake kwa jicho kali. Alikumbuka majeshi ya kufikirika ya utoto wake, akakiri kuwa hadi 1914 aliendelea kuufurahia mchezo wa askari wa kuchezea. Kisha akataja watu wenye mamlaka aliowahi kukutana nao, akiwemo Winston Churchill na Leo Amery, ambao kwa maoni yake fikra zao zilijengwa juu ya msingi uleule wa kitoto na hazikuwahi kukua. Churchill mwenyewe alikuwa ameandika miaka michache kabla kuwa utotoni alikuwa na karibu askari 1,500 wa kuchezea, na kwamba ndio waliompeleka katika maisha ya jeshi.

Wells aliongeza kuwa yeye alitumaini amevuka hatua hiyo kati ya 1916 na 1920, na kuanza kuvifikiria vita kama mtu mzima anavyopaswa. Kwa kukiri hivyo, alikuwa akilitilia shaka dai lake la 1913. Mchezo ulioandikwa kama dawa ya tamaa ya vita ungeweza pia kuilea tamaa hiyo. Humfunza mchezaji kuutazama uwanja kutoka juu na kuona rangi mbili tu, yake na ya adui. Kilio cha aliyeanguka hakimfikii.

Vita vya pili vilipozuka 1939, Wells alikuwa mzee wa miaka 72. Alikataa kuihama nyumba yake ya London hata mabomu yalipokuwa yakianguka. Safari hii hakuandika kuhusu kukomesha vita kwa vita. Aliuliza hadharani ni kitu gani hasa kinachopiganiwa, akaongoza mjadala ulioleta tamko la haki za binadamu lililochapishwa 1940. Wanahistoria wengi wanalihesabu kati ya maandiko yaliyolitangulia Azimio la Umoja wa Mataifa la 1948.

Agosti 1945, miji ya Hiroshima na Nagasaki iliteketezwa kwa silaha ambayo Wells aliibuni katika hadithi yake ya 1914, na hata kuipa jina la bomu la atomiki. Aliaga dunia nyumbani kwake London mnamo Agosti 13, 1946, akiwa na umri wa miaka 79. Majivu yake yalimwagwa baharini.

Mchezo uliobaki

Mchezo wake haukufa naye. Mwaka wa 1956 filamu fupi ya habari ilimwonyesha mwigizaji Peter Cushing, ambaye vizazi vya baadaye vilimwona katika Star Wars, akiwapaka rangi askari wake na kuwapiganisha kwa kanuni za Wells. Miaka hiyohiyo Mmarekani Jack Scruby alikuwa akisubu na kuuza vijisanamu vidogo zaidi kwa ajili ya wachezaji, na 1962 Mwingereza Donald Featherstone alichapisha kitabu cha kanuni kilichowavutia wengi. Gary Gygax, mmoja wa waliobuni Dungeons & Dragons mwaka wa 1974, aliandika dibaji ya toleo la Little Wars lililotoka 2004. Kampuni ya Citadel Miniatures, iliyoanzishwa Uingereza 1979, iliongeza mazimwi na mashetani kwa wanajeshi wa kawaida.

Madini nayo yalibadilika. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na kampuni ya Britains iliacha kuunda askari wa risasi mwaka wa 1966. Vijisanamu vya siku hizi ni vya mchanganyiko wenye bati jingi, au vya plastiki.

Uchoraji umekuwa sanaa inayojitegemea. Mchoraji hukwangua kwa kisu au tupa mshono ulioachwa na kalibu, hukiosha kijisanamu kwa sabuni, kisha hukipaka rangi ya msingi ili nyingine zishike. Hufuata tabaka jembamba juu ya jingine. Rangi nzito iliyozimuliwa kwa maji huachwa itiririke katika mikunjo ya nguo iwe kivuli, na sehemu zilizoinuka hupitishiwa brashi iliyokaribia kukauka ili zionekane zimepigwa na mwanga. Mwisho huwa ni uso, na wengi husema macho ndiyo sehemu ngumu kuliko zote.

Mafundi wa Britains walimpa askari nukta ya waridi tu kuwa uso wake. Mchoraji wa leo huweza kukaa jioni nzima na mtu mmoja, akimpa makunyanzi, kovu na mboni za macho. Wells, aliyeomba wachinjaji na waokaji mikate katika masanduku ya askari, sasa angewapata. Viwanda vingi huuza vijisanamu vya wakulima, wachuuzi, akina mama na watoto, ingawa askari bado ndio wanaonunuliwa zaidi.